Mkono wa Wifi

Kisa hiki alinisimulia mwenyewe Mama Pini, mshonaji wangu, mwaka jana, mvua za kwanza zilipokatika. Nilikuwa nimempelekea gauni lililokuwa likiburura chini. Alikuwa amepiga magoti nyuma yangu akipima upindo, pini nne zimebanwa midomoni, akizungumza kwa pembe ya mdomo. Hakunitazama usoni, nami sikugeuka. Nadhani ndiyo sababu aliweza kukisema chote. Mtu ukimpa mgongo, aibu yake hupata njia ya kupita.

Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Walitumia neno jingine, zito zaidi, lakini mwalimu wetu wa darasa la tatu alitutaka tuseme maungo, nasi tukasema maungo. Maana yake si ngumu. Kitu cha mwenzio ukijivika na kujifanya ni chako, kitakuacha uchi palepale ulipotaka kujifunika. Tena hakikuachi uchi chumbani. Kinakungoja ufike penye watu.

Mama Pini alikuwa na chumba cha kushonea mbele ya nyumba yao, kinachotazama barabara. Mlikuwa na cherehani mbili, moja ya kushonea na moja ya kung'olewa vipuri, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na kamba iliyotundikwa nguo za watu kufuata siku za kuchukuliwa. Alikuwa fundi mzuri, nisimnyime haki yake. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja wa washonaji: nguo ya mteja ikimpendeza, aliivaa mwenyewe mbele ya kioo kabla ya mwenye nguo kuja. "Naangalia tu inavyoanguka," alikuwa akisema.

Mume wake alikuwa fundi wa laini za simu, mtu wa kupanda nguzo na kuchimba mitaro. Miaka ile walikuwa wakifukua kebo za zamani ardhini na kuzitupa. Kebo moja, nene kama mkono wa mtoto, ndani yake ina nyaya mamia, nyembamba kama uzi wa viatu, kila waya na koti lake la rangi: bluu, machungwa, kijani, kahawia, kijivu. Bwana yule aliona ni dhambi kutupa rangi zote hizo. Akawa anakata vipande na kumletea dada yake.

Dada huyo, ndiye wifi yake Mama Pini, aliishi nao katika chumba cha nyuma kilichopakana na tangi la maji. Alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Tena alitumia mkono wa kushoto. Hilo tu ndilo lililokuwa kosa lake duniani, na alikuwa ameadhibiwa kwa hilo kama mwizi. Shuleni mkono ule ulifungwa kwa kitambaa kwenye kiti. Alipoolewa, mama mkwe wake alikataa kula chungu alichokikoroga yeye. Akarudi kwa kaka yake na sanduku moja, na tangu hapo kazi yoyote iliyoweza kufanywa mlango ukiwa umefungwa, aliifanya mlango ukiwa umefungwa.

Mama Pini hakuwa mkatili kwake. Alimtania tu, kama mawifi wanavyotaniana. "Wifi, hebu nipitishie sahani, na uitume kwa ule mkono unaojua njia!" Wifi alikuwa akicheka, hata akajibu, "Huu wangu hupitia njia ya mkato." Lakini siku moja palikuwa na wateja wawili, na wifi akaingia na chai, birika mkononi, mkono ule wa kushoto. Mama Pini akamsogelea na kumnong'oneza, "Wifi yangu, mbele ya wateja tumia ule mwingine."

Wifi hakucheka. Aliliweka birika taratibu kama lililojaa mayai, akatoka, na tangu siku ile hakukanyaga tena chumba cha kushonea wageni wakiwemo.

Huko chumbani kwake ndiko alikofuma mabakuli. Nasema mabakuli kwa kuwa sina jina jingine. Alianza na fundo dogo katikati, akaliita kitovu, kisha akauzungusha waya, mzunguko juu ya mzunguko, rangi zikiingiana na kukimbizana, hata bakuli likasimama lenyewe, gumu kama bati na jepesi kama ganda la yai. Alimpa Mama Pini moja dogo la kuwekea pini. Hivyo ndivyo lilivyofika mezani kando ya cherehani, na hivyo ndivyo balaa lilivyopata kiti.

Jumanne moja alikuja Msimamizi wa jumba la maonyesho, lile jengo refu la mjini linaloonyesha kazi za mikono, atiliwe zipu kwenye sketi. Mama Pini alikuwa akitoa pini bakulini, na yule mama akamshika mkono.

"Ngoja. Hiki umekitoa wapi?"

"Kipi? Hiki cha pini?"

Msimamizi alizimimina pini mezani zote, akakiinua kibakuli kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza tumbo na mgongo. Alikishika kwa mikono miwili. "Nani amekitengeneza?"

Mama Pini alikuwa na pini mdomoni, akazitoa ili ajibu. Alikuwa na nafasi hiyo yote, aliniambia, muda wa kutoa pini nne moja moja, na kila pini ilikuwa mlango wa kupitia kweli. Lakini miaka kumi na minane alikuwa amewapigia watu magoti akiwapima upindo. Wameshukuru, wamelipa, wameondoka. Hata mmoja hajawahi kuishika kazi yake kwa mikono miwili namna ile.

"Mimi," akasema.

"Mama Pini! Na umenyamaza miaka yote? Watu wanatoka nchi za mbali kuniletea vitu kama hivi! Miezi mitatu ijayo tunafungua maonyesho ya wanaotengeneza kitu kipya kutokana na kilichotupwa. Unavyo vingine?"

"Vipo."

"Vingapi?"

"Vipo vipo."

Mgeni alipoondoka, Mama Pini alikwenda nyuma akagonga mlango. "Wifi, niazime vibakuli vyako nipambie duka."

Mlango ulifunguka kiasi cha uso. "Chukua tu, wifi. Huku vinakula vumbi." Akampa tisa, kila kimoja amekiviringisha kwa gazeti kama mtoto anayetoka kuogeshwa. Siku zilizofuata, kila walipokutana uani, wifi aliuliza kwa sauti ndogo, "Wateja wanavionaje?"

"Wanavipenda, wifi."

"Wanasemaje?"

Naye Mama Pini alimweleza sifa zote alizopewa na Msimamizi, neno kwa neno, bila kupunguza hata moja. Alipunguza jambo moja tu: ni nani aliyekuwa akisifiwa. Wifi alisikiliza akitazama chini, akitabasamu, mkono wa kushoto umefichwa ndani ya mtandio. "Ukimwona mtu anatabasamu vile kwa sababu ya uongo wako," aliniambia Mama Pini, "bora akupige." Hata hivyo hakuacha.

Ilikuja siku ya picha. Alisimama mbele ya ukuta mweupe amekumbatia mabakuli ya watu, akacheka kama alivyoambiwa acheke. Yeye hakumwambia mumewe neno. Alijiambia kwamba mambo yakiwa mazuri atawaeleza wote pamoja, na wote watafurahi, na wifi mwenyewe, mtu anayejificha vile, angetaka kupigwa picha kweli? Mwizi hakosi sababu.

Kisha ikaja habari nyingine. Siku ya ufunguzi, Msimamizi alisema, kila msanii aje na kazi ambayo haijakamilika, aketi, aiendeleze watu wakiangalia. Waamuzi watapita. Atakayeshinda atapewa chumba cha kufanyia kazi mwaka mzima katika jumba lile, chumba chenye madirisha makubwa.

Mama Pini alirudi nyumbani. Akachukua kibakuli kimoja kati ya tisa, akakifumua, akajifunza kukifuma upya kwa kutazama kilivyofumuka. Vidole vya mshonaji ni vyepesi. Baada ya wiki mbili aliweza kufuma kipande ambacho mtu wa mbali angekisifu. Alifuma kwa mkono wa kulia, maana ndio aliokuwa nao. Wifi akifuma hakuwahi kumwona. Hakuna aliyewahi kumwona. Alidhani kufuma ni kufuma.

Ijumaa, siku moja kabla ya ufunguzi, wifi alikwenda kung'oa jino. Mama Pini akaingia chumba cha nyuma. Alijua kwamba chini ya kitanda kuna bakuli kubwa, maana mumewe aliwahi kulitaja. Alilivuta, akabaki amepiga magoti akilitazama. Lilikuwa na upana wa ungo, kazi ya miezi saba, bluu iliyokolea katikati ikitoka kidogo kidogo hadi machungwa ukingoni, kama moto wa jiko la mafuta. Ukingo ulikuwa bado haujafungwa, na nyaya zilichomoza pande zote kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Aliliviringisha kwa shuka. Kuazima bila kuomba kuna jina lake, na Mama Pini alilijua, ila hakulitaja hata moyoni.

Asubuhi ya Jumamosi akatazama kamba ya nguo. Palikuwa na gauni la Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani, la kijani, kitambaa kizito chenye kung'aa. Lilikuwa la kuchukuliwa Jumatatu. "Nitalipiga pasi, nitalirudisha," akajisemea. Mwalimu Mkuu alikuwa mwembamba kuliko yeye kiunoni, lakini Mama Pini alijua kuvuta pumzi.

Jumba lilikuwa limejaa. Palikuwa na taa zilizotengenezwa kwa picha za hospitali zinazoonyesha mifupa, mbavu za watu zikiwaka ukutani kwa utulivu. Palikuwa na pazia la vioo vya miwani mia tano, na mtu akipita nyuma yake alikuwa mrefu, mfupi, mrefu, mfupi. Palikuwa na gauni lililofumwa kwa utepe wa kanda za muziki. Katikati palikuwa na viti vya mikanda ya magari yaliyogongana, na aliyevitengeneza, jitu la tumbo kubwa na vidole vyenye sugu, alikuwa mmoja wa waamuzi. Wote walimwita Bwana Mikanda.

Mabakuli tisa, na kile kidogo cha pini kikiwemo, yalipangwa juu ya meza nyeupe. Nyuma yake palikuwa na picha ya Mama Pini, kubwa kuliko yeye mwenyewe, imeandikwa: Mama Pini, msanii wa waya. Mbele yake paliwekwa kigoda.

"Karibu mama, keti," akasema Bwana Mikanda. "Tuonyeshe hiyo mikono iliyotufanya tusilale."

Mama Pini akaketi. Kigoda kilikuwa kifupi. Gauni likakaa naye nusu ya njia, halafu mshono wa nyuma ukasema *krrr*, kutoka kiunoni hadi kusikotajika. Haukuwa mlio mkubwa. Ulitosha.

Akatulia kama jiwe. Alijua kushona, hivyo alijua pia, bila kugeuka, ni inchi ngapi zimefunguka. Alijua hawezi kusimama tena.

"Hilo gauni," ikasema sauti upande wa mlango, "mbona nalifahamu?"

Alikuwa Mwalimu Mkuu, amewaleta wanafunzi darasa zima kuona sanaa, mstari mrefu wa soksi nyeupe. Alimtazama Mama Pini juu hadi chini, akayatambua maua ya kola aliyoyachagua mwenyewe.

"Nalijaribu tu, Mwalimu. Naangalia linavyoanguka."

"Naona. Limeshaanguka."

Watoto wakacheka, wakanyamazishwa, wakacheka kwa pua. Mama Pini alisikia masikio yakiwaka moto. Lakini hata hapo angeweza kupona. Gauni hushonwa, na utani wa gauni huisha. Aliinamia bakuli kubwa, akashika waya mmoja wa machungwa na kuanza kufuma, apate kutazama kitu kisicho na macho.

Alifuma mzunguko mmoja, akaingia wa pili. Bwana Mikanda alichuchumaa karibu. Kwanza alitabasamu, baadaye akaacha. Akanyoosha mkono, akachukua kibakuli kimoja mezani, akakitazama ndani. Akachukua cha pili na cha tatu.

"Mama," akasema polepole, bila ubaya, "hivi vyote vinazunguka kinyume cha mishale ya saa. Kila waya umelalia kushoto. Hata hilo kubwa, miezi yote hiyo, limelalia kushoto. Wewe leo unalaza kulia. Kwa nini?"

Mama Pini akaangalia. Kwa mara ya kwanza akaona. Kazi ya wifi ililala upande mmoja, kama nyasi zilizopigwa na upepo, na mizunguko yake yeye miwili ilisimama dhidi yake kama nywele za paka aliyekasirika. Na si hivyo tu. Kwa kuvuta upande usio wake alikuwa amelegeza mafundo ya chini. Nyaya za machungwa zilianza kufunguka zenyewe, moja, halafu nyingine.

"Mkono... mkono umechoka. Nimebadilisha."

"Basi badilisha tena. Tutangoja."

Akauhamishia waya mkono wa kushoto. Ulikuwa kama kuku aliyepewa kalamu. Waya ulimponyoka, ukamchoma, ukaanguka. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Mwalimu, ndiye anajifunza leo?" Msimamizi alikuwa amesimama kando ya ile picha kubwa, mikono kifuani, akimtazama Mama Pini wa kwenye picha, halafu wa kwenye kigoda.

Wakati huo wawili walikuwa wameingia bila kuonekana. Mume, asubuhi ileile akiwa juu ya nguzo, alikuwa ameona ukuta wa ng'ambo umebandikwa tangazo, na kwenye tangazo mkewe amekumbatia mabakuli ya dada yake. Alishuka hata kifaa akakisahau juu. Alipofika nyumbani alimkuta dada yake ameketi sakafuni, shavu limevimba kwa jino lililong'olewa, anatazama chini ya kitanda palipo patupu.

Kile alichokihisi Mama Pini kwanza kilikuwa kitambaa. Mtu alimzungushia mtandio kiunoni kwa nyuma, akaukaza, akafunga fundo ubavuni, upesi na imara. Alilitambua fundo kabla ya kutambua mkono. Lilielekea kushoto.

"Simama, wifi," sauti ikamwambia sikioni, nzito kwa pamba iliyokuwa bado kinywani. "Nimekuziba. Twende nyumbani."

Basi.

Aliniambia alikuwa amejiandaa kwa kila kitu maishani mwake: kutukanwa, kupigwa kofi, kukimbiwa na wateja. Hilo hakuwa amejiandaa nalo. Angeweza kusimama. Mtandio ungemfunika, wifi angemshika mkono, wangetoka kama watu wawili ambao mmoja ameharibikiwa na nguo, na mjini wangecheka gauni, basi. Siri ingebaki ndani ya nyumba. Wifi asingesema kamwe. Hata alipokuwa amesimama pale, mkono wake wa kushoto, baada ya kufunga lile fundo, ulikuwa umeshajificha nyuma ya mgongo, maana palikuwa na watu.

Mama Pini akauona mkono ule ukijificha. Akakumbuka birika la chai.

Na hapo akaelewa kwamba mtandio nao ni wa kuazima. Alikuwa amevaa kazi ya wifi, amevaa gauni la Mwalimu, na sasa anataka kuvaa na huruma ya wifi atokee nayo mlangoni.

"Si kazi yangu," akasema.

"Mama?" akauliza Bwana Mikanda.

"Sikuvifuma mimi. Hata kimoja. Amevifuma huyu, wifi yangu." Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtoto aliyetumwa dukani akapoteza chenji. "Anatumia mkono wa kushoto. Mimi nilimwambia asiutumie mbele ya watu. Niliuonea aibu. Halafu nikauchukulia kazi yake."

Alisema akiwa ameketi palepale kigodani. Mumewe alikuwa mlangoni, kofia ya kazi mkononi, anatazama viatu vyake.

Msimamizi akageukia wifi. "Dada, basi keti wewe. Tafadhali. Malizia wewe. Bado kuna nafasi."

Macho yote yakahamia kwa wifi. Watoto wakanyoosha shingo. Ndugu zangu, hapa ningependa kusema kwamba aliketi, akaunyoosha mkono wake, watu wakapiga makofi. Hakuketi. Alirudi hatua moja, akaingiza mkono ndani ya gauni hadi kwenye kiwiko. Machozi yalimjaa, si ya furaha.

"Vibakuli vyangu," akasema. "Naomba nirudishiwe."

Wakaviviringisha kwa magazeti, vyote tisa. Bwana Mikanda mwenyewe alilibeba bakuli kubwa hadi nje, amelikumbatia kama mgonjwa. Mlangoni Mwalimu Mkuu alimsubiri Mama Pini. "Jumatatu saa mbili nakuja kuchukua gauni langu," akasema. "Nitalikagua kama daftari." Kwa nyuma yao, walipokuwa wakishuka ngazi, Msimamizi alikuwa akiibandua picha ukutani, na karatasi ilichanika kwa mlio uleule wa gauni.

Ilikuwa saa nane mchana walipofika nyumbani. Mume aliingia ndani, akajilaza sebuleni na viatu vyake, uso ukutani. Alikuwa amemwambia mkewe jambo moja tu, pale getini: "Unajua hilo bakuli lilikuwa la nini? Aliniambia akilimaliza hilo, atafungua mlango. Atalionyesha watu yeye mwenyewe, na mkono wake. Sasa wewe umemfungulia."

Mama Pini alivua gauni la watu, akavaa lake la siku zote, akaenda nyuma. Mlango wa wifi ulikuwa umefungwa. Hakugonga. Alikaa chini kwenye saruji, mgongo kwenye tangi la maji, akangoja. Jua lilihama kutoka kwenye magoti hadi kwenye nyayo.

Mlango ukafunguka. Wifi akalisukuma bakuli kubwa nje kwa mguu.

"Fumua."

"Nitafumua, wifi."

"Mizunguko yako yote. Waya ulioupinda wewe, uunyooshe wewe. Usiukate. Kwa ukucha, polepole."

"Nisamehe, wifi yangu."

"Nimesema ufumue. Sikusema uongee."

Akafumua. Si kazi ndogo. Waya ukishapindwa haukubali kirahisi. Unaunyoosha, nao unakumbuka. Mama Pini aliupitisha kila mmoja kati ya ukucha wa gumba na kidole, tena na tena, hata ukucha ukapasuka. Wifi aliketi kizingitini, akitazama. Baada ya muda mrefu akasema, "Wewe nawe, gauni la Mwalimu! Mwalimu mwenyewe ubao, wewe mlango."

Mama Pini hakujua kama ameruhusiwa kucheka. Akacheka kidogo, machozi yakamtoka.

"Huu mmoja uache," akasema wifi, akiugusa waya wa mwisho uliokuwa bado umelala kulia. "Usiunyooshe. Uwe unanikumbusha kununua kufuli."

Kisha, mlango ukiwa wazi, na mtu akiwa ameketi mbele yake, wifi alivuta bakuli pajani, akashika waya kwa mkono wake wa kushoto na kuanza kufuma. Mama Pini ndiye wa kwanza kuwapo kazi ile ikifanyika. Alitamani kutazama, na alishindwa. Kila alipoinua macho, aibu iliyashusha. Alikuwa akinyoosha waya na kumpa, ananyoosha na kumpa, bila kupandisha uso, kama anavyopima upindo.

Waya wa machungwa ulikwenda taratibu, ukasita, ukasimama. Jino lilikuwa limemchosha wifi. Alilala palepale kizingitini, kichwa kwenye mwimo, kidole bado kimezungukwa na waya. Jua lilikuwa halijazama. Kaka yake sebuleni alikuwa anakoroma. Mama Pini akaufungua mtandio aliokuwa ameufunga tena kiunoni juu ya gauni lake, akamfunika mwenyewe. Mlango hakuugusa.

Alirudi chumba cha mbele, akageuza gauni la kijani ndani nje na kushona mshono wote upya, kwa mkono, punje kwa punje. Alipomaliza alizitoa pini midomoni, akanyoosha mkono kuziweka kwenye kibakuli, na kibakuli hakikuwepo. Akaziweka kwenye kifuniko cha kopo. Akalaza kichwa juu ya meza, shavu limegeuzwa upande wa pili asijione kwenye kioo, na usingizi ukamchukua akiwa bado anaona haya.

Kweli, nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwalimu wangu wa darasa la tatu anisamehe, leo maungo hayatoshi.